Ukuta Tulioujenga Upande wa Mto

Ndugu zangu, mama zangu, na nyinyi wageni mliojenga huko juu, kijito kinakotoka, tangu kiangazi kilichopita, nawaambia bila kuficha: mimi niliamini kwamba Mzungu ameuziba mto Lualaba kwa kizibo, kama muntu anavyoziba kibuyu cha mawese.

Msicheke mapema. Wekeni kicheko akiba, mbele mtakihitaji.

Habari yenyewe ilinifikia hivi. Wakati ule Mzungu alipopita huku na msafara wake akiteremka, wapagazi wake walibeba mashua iliyokatwa vipande. Vipande begani, na mto unapita hapo pembeni, mpana, unawaangalia. Jirani yangu wa mkono wa kushoto, ambaye simtaji jina kwa sababu naona ameshaanza kujifunika shuka usoni, aliniuliza, "Wee, muntu mwenye akili anabeba mashua juu ya bega?"

Nikasema hapana.

"Basi ile si mashua. Njo kizibo, kizibo chenyewe. Anaenda kukiweka kule chini, mahali mto unakuwa mwembamba. Maji itarudi nyuma, itatufunika wote, na pembe za ndovu za matajiri wote wa Nyangwe na Kasongo zitaelea. Yeye atakaa kule na kuokota tu."

Sasa, pembe ya ndovu haielei. Hata mtoto anajua. Lakini mimi nilikuwa nimehitimu, na mwenye kuhitimu hakosi jibu. Nilijiambia: moja haielei, ila zikiwa nyingi zitasukumana, zitaelea.

Wageni hamnijui, kwa hiyo niwaambie nilihitimu wapi. Mimi mchana nilikuwa shambani kwenye mpunga wa watu wakubwa, na usiku, baada ya sala ya Isha, nilikwenda kwa mwalimu kusoma kwa taa ya mawese. Taa ile ilikuwa na moshi kuliko mwanga. Nilisoma mpaka nyusi zangu zikawa nyeusi kama za bwana harusi. Siku ya kuhitimu mwalimu alinisomea dua, mama yangu akachinja jogoo aliyekuwa mkubwa kama ndama, na tangu siku ile watu wa kijito chetu wakawa wananiuliza mambo. Mvua itanyesha lini? Mtoto huyu aitwe nani? Nami, ndugu zangu, nilijibu yote. Sijawahi kusema sijui. Hiyo ndiyo ilikuwa hatari yangu, na yao.

Mnajua tulivyojenga. Mbele yetu mto mkubwa. Nyuma yetu kijito, kinateremka kutoka kilimani, kinapita mgongoni mwa nyumba zetu zote, halafu kinakata kona na kuingia mtoni. Sisi tuko katikati, kwenye tambarare, kama nyama katikati ya majani ya ndizi.

Masika ya kwanza ya habari hii, mvua ilinyesha mpaka vyura wakaingia nyumbani kuomba hifadhi. Mke wangu alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza. Maji yakaingia kwa mlango wa nyuma, taratibu, bila kubisha, yakafika magotini. Mke wangu akapanda juu ya kichanja cha mpunga na mtoto kifuani, akakaa pale kutwa nzima, akiniangalia mimi ninavyochota maji kwa sufuria na kuyamwaga mlangoni, nayo yanarudi kabla sijageuka. Kesho yake maji yakajiondokea yenyewe, yakavuka uwanja na kushuka mtoni. Yakaacha tope na kamba wadogo kwenye mkeka wa kusalia.

Nikamwambia, "Umeona? Njo kile kizibo."

Mke wangu hana maneno mengi. Alifuta tope mguuni mwa mtoto, akasema, "Mimi sitakaa juu ya kichanja mara ya pili. Masika ikirudi, naenda kwa kaka yangu kule kilimani. Nyumba ikibaki kavu, nitarudi. Isipobaki, utakuwa unakuja kutuangalia kule kama mugeni."

Aliyasema kwa upole, kama anayeniambia chumvi imekwisha. Lakini nilikonda, ndugu zangu. Nilikonda siku ile ile, shuka ikanidondoka.

Sasa aingie mtu wa tatu. Mama mkwe wangu alikuja kumlea mzazi, na alipoona binti yake anakaa kwenye tope akabaki. Watu wa kwake ni wa ndani ya msitu, na mnajua ukwe wao. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawasemezani. Akija kwa njia hii, wewe unapita kwenye majani. Tulikaa kiwanja kimoja miezi na miezi, na mimi uso wake niliujua kwa kisogo tu.

Akitaka kuniambia jambo, alimwambia mbuzi. Alikuwa na mbuzi jike mweupe aliyekuja naye, akamfunga karibu na jiko. Anaanza kwa sauti ya kufika mpaka ng'ambo ya Lualaba: "Wewe mbuzi, kuni imekwisha. Wanaume wa hapa wanaona kuni inaota kwenye jiko." Nami naenda kukata kuni. Tulielewana vizuri sana kwa njia ya mbuzi.

Basi kiangazi kile nilikusanya watu. Nikawaambia: maji yanatoka mtoni, kwa sababu ya kizibo, kwa hiyo tujenge ukuta upande wa mto, kuanzia mti mkubwa wa mpira mpaka kona ya kijito. Hakuna aliyebisha. Nani abishane na mtu aliyechinjiwa jogoo? Jirani yangu wa kushoto akawa mkuu wa pili wa kazi, kwa kuwa habari ilikuwa yake.

Tulifanya kazi, jamani. Udongo tuliuchimba ukingoni mwa kijito, maana pale ni laini na karibu. Miti iliyosimama ukingoni tukaikata, tukaichomeka ndani ya ukuta ili ushike. Mizizi na matete yote tukayang'oa. Ukuta ukapanda mpaka kifuani mwa mtu mrefu, mnene, umepigwa kwa miguu mpaka ukalia kama ngoma. Ulikuwa mrefu hivi kwamba ndege waliouvuka walipumzika katikati. Nilikuwa nauzunguka kila jioni nikiupapasa kama ng'ombe wangu.

Siku moja nikiupapasa, nikasikia nyuma yangu: "Wewe mbuzi. Wewe unakunywaka kule juu. Unajua maji ilipitia mlango gani. Wengine wamesoma usiku, muchana hawaoni."

Niliona mama mkwe amezeeka, nikamhurumia.

Na kijito? Hakuna aliyekitazama. Ni hapo, mama zangu, mnisamehe, nitawagusa na nyinyi. Mihogo yetu ni ile michungu, lazima ilale majini mpaka ilainike na sumu itoke. Kila mama alikuwa na kizizi chake mle kijitoni: miti imechomekwa kwenye tope, imefumwa kwa matawi ya mawese, ili mihogo isichukuliwe na maji. Zamani tulikuwa nyumba chache, vizizi vichache. Halafu watu wakaja, kila nyumba na kizizi chake, mpaka ungeweza kutembea kutoka kilimani hadi mtoni juu ya vizizi bila kulowa kisigino. Na makapi ya mpunga tuliyamwaga mle mle, tukisema maji yatapeleka. Yalipeleka mpaka kizizi cha jirani. Mpunga wote wa Maniema, nadhani makapi yake yalikuwa pale.

Masika ikaja. Mke wangu akafunga mkeka, akambeba mtoto mgongoni. Mlangoni akaniuliza, "Ukuta yako itashika?"

Nikamwambia, "Hata ndovu akiusukuma."

"Basi nitasikia," akasema, akaenda.

Mama yake hakwenda. Alikuwa na mihogo kijitoni, kizizi kizima kimejaa, na alisema, kwa mbuzi, kwamba yeye si muntu wa kukimbia chakula chake.

Ile mvua sitaki kuieleza, mtasema natia chumvi. Ilianza alfajiri. Adhuhuri nilikuwa nimesimama nimeegemea ukuta, natazama mto kwa juu yake, naona umevimba lakini uko chini ya miguu yangu, mbali. Nikaanza kucheka. Nikamwita jirani aje aone. Tukasimama wawili tukimcheka Mzungu na kizibo chake.

Na maji yakatugusa visigino kwa nyuma.

Nikageuka. Ndugu zangu, uwanja wote ulikuwa maji. Kijito kilikuwa kimejaa vizizi na makapi na matawi, hakina pa kupita, na ukingo tuliouchimba wenyewe umebomoka, maji yanaporomoka kupitia kwenye nyumba zetu kuelekea mtoni kama mwaka uliopita. Ila mwaka uliopita hapakuwa na ukuta. Sasa yalifika ukutani, yakasimama. Yakaanza kupanda. Ukuta wangu haukuvuja hata tone. Tulikuwa ndani ya chungu, na chungu nilikifinyanga mimi.

Jirani aliparamia paa la nyumba yake. Mimi nilikimbilia kwangu kutoa mpunga wa mbegu, nikakuta kichanja kimeshalala. Nilishika kapu, likapasuka. Nikaona mbegu zinatoka nyumbani zikipita katikati ya miguu yangu, nyingi, manjano, nami nazikamata kwa vidole, na vidole havikamati. Nilikaa pale nikikamata mpaka maji yakafika kiunoni. Sijui nilidhani nini. Nadhani sikudhani.

Nikashika jembe lililoning'inia mlangoni, nikatoka. Nyuma ya nyumba kuna kichuguu kikubwa cha mchwa, mnakijua. Nilipanda juu. Nikakuta mama mkwe yuko pale, na mbuzi katikati.

Nawauliza nyinyi mliooa: mngefanyaje? Mahali pa kukanyaga ni kama mkeka wa kusalia. Pa kupita kwenye majani hakuna. Nikampa mgongo, naye akanipa mgongo, mbuzi akasimama kati yetu akitetemeka. Nikatazama nyumba yangu. Ukuta wa nyuma ulilegea kama bugali lisiloiva, ukakaa chini, polepole. Halafu paa likashuka juu yake, kama mtu anayejifunika kulala. Nilikuwa na mikono miwili na jembe begani, na hakuna cha kufanya. Nilifikiria tu mke wangu kule kilimani, anasikiliza mvua, na nilivyomwambia hata ndovu akiusukuma. Nyumba yangu imeanguka, ukuta wangu umesimama.

Nyuma yangu mama mkwe akaanza: "Wewe mbuzi." Akaanza tena, "Wewe mbuzi," sauti ikakatika. Nikasikia miguu yake inasogea. Halafu akanigusa bega. Kidole kimoja, hapa. Nikageuka kwa kushtuka, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wa mama wa mke wangu. Anafanana na binti yangu. Sikuwahi kujua.

Akasema, "Mukwe. Ile ukuta. Itoboe."

Basi. Sikuuliza kwa nini. Nilishuka kwenye maji yakanifika kifuani, nikaenda nikishikilia mapaa ya watu. Jirani aliona jembe, akauliza kutoka paani, "Unaenda kuzika nani?"

Nikamwambia, "Shuka, wewe njo mkuu wa pili."

Alishuka akilaani. Tulipiga ukuta ule, nawaambia, mikono ikachubuka, kwa maana tuliujenga vizuri. Nilikuwa nalia na kuusifu papo hapo. Ulipotoboka, maji yalituangusha wote wawili, yakapita juu yetu kwenda mtoni, na vitu vya nyumba zetu vikapita nayo: mikeka, vibuyu, viti, mlango wangu.

Nyumba kadhaa ziliokoka. Yangu haikuokoka. Sikuwa na mbegu, sikuwa na mlango wa kufunga wala ukuta wa kuuwekea.

Nikapanda kilimani. Shemeji yangu alinitolea kiti cha mgeni, kile cha miguu mirefu, akaniletea maji ya kunawa kwanza kabla ya wote. Heshima kubwa. Sijawahi kuumia hivyo kwa heshima. Mke wangu akaja na mtoto, akakaa upande wa pili.

"Nyumba iko kavu?"

"Nyumba hakuna," nikamwambia.

Akamegea mtoto bugali. Mimi niliyezoea kujibu yote, nilikaa nikitafuta neno, sikulipata. Siku nyingi nilikwenda vile, nakaa kwenye kiti kile, nala, naaga. Binti yangu alianza kunikimbia kama anavyokimbia wageni.

Mvua ilipopungua, kazi ikaanza, na hiyo hamkuniona mimi mbele. Kina mama ndio walianza. Waliingia kijitoni wakang'oa vizizi, kila mmoja chake, wengine wakilalamika, na mama mkwe wangu alikuwa wa kwanza kung'oa. Tukachimba mashimo ya kuloweka mihogo pembeni, mbali na maji yanayopita, na maji tunayachota kuyaleta. Ni kazi, najua, migongo inauma. Makapi tunayarudisha shambani au tunayachoma. Ukingoni tumeacha matete yaote, tumepanda miti tena mahali tulipoikata, na hakuna anayechimba udongo pale. Kila mwisho wa kiangazi, kama leo, kila nyumba inasafisha kipande kilicho nyuma yake. Ukuta tuliubomoa wote. Udongo wake ndio uliojenga nyumba yangu mpya, huku juu kidogo.

Masika iliyofuata nililala macho wazi nikisikiliza. Maji yalipita nyuma, yakiongea, yakaenda zao. Mke wangu alishuka mwenyewe asubuhi moja, hakutuma habari. Alisimama mlangoni, akapapasa sakafu kwa kiganja. Akatazama kiganja. Akaingia.

Sitaki mwende nyumbani mkidhani tumeshinda maji. Mwaka jana mto mkubwa ulipanda wenyewe, ukachukua migomba yetu yote ya chini, na tulisimama tukiutazama kama kuku wanavyotazama mwewe. Juu ya mto ule sina nguvu, na hakuna mwenye nguvu hapa. Misafara inakata msitu kilimani kwa ajili ya kambi zao na haituulizi. Mvua haituulizi. Katika haya yote, kitu kimoja tu kinatusikia, nacho ni hiki kijito kidogo ambacho mbuzi anakiruka.

Na juzi nilipita huko juu kwenu, wageni wangu. Nimeona vizizi vipya, na makapi. Binti yangu sasa anakimbia kuja kwangu, si kunikimbia. Nawaomba, nyinyi mnaoloweka mihogo juu ya usingizi wake, njooni kesho na majembe. Mashimo tutawachimbia sisi. Mimi nitachimba ya kwanza.

Nawashukuru kina mama walioingia kwenye tope kabla ya wanaume. Namshukuru shemeji yangu aliyenipa mbegu ya mpunga na hakunitania mpaka nilipovuna. Namshukuru jirani yangu wa kushoto; fungua uso, ndugu yangu, imekwisha. Mungu awalipe. Na mama mkwe wangu, aliyevunja adabu ya kwao ili aniambie maneno machache, na tangu siku ile hajaacha kuniambia mengine.

Maana nakiri, hata baada ya yote, kizibo hakikunitoka kichwani haraka. Jioni moja tumekaa kibarazani, mbuzi amelala, nikamuuliza, "Mama, lakini huenda Mzungu naye alichangia kidogo?"

Akanitazama usoni, sawasawa.

"Mukwe," akasema, "pale juu ya kichuguu, ile maji ilinuka mihogo yangu. Mzungu hana mihogo huku."